Dakika 23 za Mbeya: Ramadhani katika shule ya bweni

Adhana ya Magharibi inayosikika redioni kutoka Dar es Salaam siyo ya Mbeya. Februari na Machi jua la Mbeya linazama dakika 23 hadi 25 baada ya lile la Dar, na la Iringa karibu dakika 15 baada yake. Mwanafunzi wa Uyole au Tukuyu akifuturu kwa redio hiyo amekula mchana, na siku hiyo atailipa. Sababu ni jiografia ya kidato cha kwanza: dunia inageuka digrii moja kila dakika nne, Dar iko longitudo 39 na kitu mashariki, Mbeya iko 33 na nusu. Zidisha tofauti hiyo mara nne. Dakika moja au mbili za juu zinatokana na Mbeya kukaa kusini zaidi.

Tumeanza na saa kwa makusudi. Sisi tuliosimamia mabweni, stoo na ratiba tumeona kwamba karibu kila kinachoharibika shuleni mwezi huu kinaanzia kwenye saa au kwenye sufuria. Ubaya wa mtu ni mara chache. Mwalimu mkuu anaweza kuwa na nia njema kabisa, lakini uji ukitoka jikoni saa mbili kasoro robo kwa watoto sitini ambao hawajaweka kitu mdomoni tangu alfajiri, nia hiyo hawataila.

Ramadhani ya 2026 iliingia tarehe 18 au 19 Februari. Siku hizo Mbeya jua lilizama karibu saa moja na dakika 11 usiku, na mwezi ulipokaribia kwisha lilikuwa limerudi hadi saa moja kasoro dakika mbili hivi. Alfajiri haikusogea sana, ilibaki karibu saa kumi na moja na dakika 35. Hiyo ni funga ya saa 13 na nusu. Kwa hiyo kalenda ya kufuturu ikiletwa shuleni, swali la kwanza ni moja tu: imeandikwa kwa mji gani? Ikiwa ni ya Dar, ongeza dakika zako. Asubuhi kosa hilo halina madhara kwa funga, kwani mtu ataacha kula mapema kuliko lazima. Jioni ndipo linapouma.

Na msiamini macho. Februari na Machi huku ni msimu wa mvua, wingu linakaa mlimani siku nzima, na shule iliyo bondeni ikiwa na mlima upande wa magharibi huona jua limepotea mapema mno. Jua kujificha nyuma ya mlima siyo kuzama. Wekeni saa moja ya ukutani bwaloni, mtu mmoja awe na dhamana ya kuirekebisha, na huyo ndiye atakayesema "tayari". Simu arobaini zenye programu arobaini za adhana, kila moja na hesabu yake, ni ugomvi wa kila jioni.

Funga yenyewe ni kuacha kula, kunywa, kuvuta sigara na tendo la ndoa tangu alfajiri hadi jua kuzama, pamoja na nia iliyowekwa usiku. Maji yamo katika "kunywa". Hili linahitaji kusemwa huku kwetu, kwa sababu wapishi na walimu wengi wamekulia kwenye Kwaresima, na miaka hii mifungo miwili inapandana. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 18 Februari, siku ileile ambayo baadhi ya Waislamu walianza. Mkatoliki akifunga siku hiyo anakula mlo kamili mmoja, anaacha nyama, lakini maji anakunywa. Ndiyo maana saa nane mchana mpishi mwenye huruma anatoka na kikombe: "Kunywa kidogo mwanangu, ni maji tu." Mtoto anakataa, mpishi anaona amedharauliwa. Dakika tano za maelezo jikoni kabla ya mwezi kuandama zinamaliza jambo hilo.

Kuna mengine ambayo wanafunzi wenyewe wanayakosea. Mate kwa mfano. Utamwona kijana anatema darasani kutwa nzima, dirishani na kwenye karatasi, akidhani akiyameza amefungua. Mate ya mtu mwenyewe yakiwa kinywani mwake hayafunguzi. Atakauka koo bure, na darasa litakuwa chafu. Kusukutua na kupiga mswaki kunaruhusiwa ilimradi maji wala dawa visishuke kooni. Kuoga hakufunguzi. Aliyekula kwa kusahau anaacha anapokumbuka na kuendelea na funga yake, hadaiwi. Aliyetapika bila kujitapisha yumo bado. Na kijana aliyeamkia janaba, yaani aliyetokwa na manii usingizini, funga yake ni sahihi, ila anahitaji kuoga ili asali. Kwa hiyo bafu la wavulana likifungwa kwa kufuli hadi saa kumi na mbili asubuhi mnamkwamisha mtu katika jambo ambalo hawezi kusimama mbele ya patroni akalieleza.

Sasa jikoni.

Kosa la kwanza la bajeti ni kudhani wanaofunga wanaongeza gharama ya chakula. Hawaongezi sana. Uji wa asubuhi na mlo wa mchana hawali. Unga wa uji uhamie futari, mgawo wa mchana uhamie daku, mlo wa kabla ya alfajiri, mlo wa usiku ubaki palepale. Kinachoongezeka ni sukari, kuni na usingizi wa mpishi. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Mpishi akiongezewa zamu ya saa tisa usiku bila malipo wala bila kupunguziwa zamu ya mchana, wiki ya kwanza atafanya kwa moyo, ya pili atanuna, ya tatu daku itatoka saa kumi na moja na nusu na watoto watakuwa na dakika tano za kumeza. Wekeni wapishi wawili wapokezane, na mwenye zamu ya usiku asionekane jikoni mchana.

Tuchukue wanafunzi sitini. Uji wa futari, nusu lita kwa kila mmoja, ni lita 30 za maji, kilo tatu za unga wa ulezi au mahindi, kilo moja na nusu ya sukari, robo kilo ya tangawizi iliyotwangwa na vijiko viwili vya chakula vya pilipili manga. Unga ukorogwe kwanza kwenye maji ya baridi ndipo umiminwe kwenye yanayochemka, la sivyo ni madonge matupu. Uchemke dakika ishirini. Halafu lipo jambo dogo lenye uzito: uji umiminwe kwenye vikombe dakika kumi kabla ya adhana na kupangwa mezani. Wengi wanauacha kwenye sufuria ili usipoe, maana Mbeya ni baridi. Adhana inapigwa, foleni ya watu sitini inasimama mbele ya upawa mmoja, na kila anayefika anapewa uji wa moto usionyweka. Wa mwisho kwenye foleni anafuturu robo saa baada ya wenzake, huku Sunna ni kuharakisha kufuturu.

Kabla ya uji ni tende na maji. Tende tatu kwa kila mmoja kwa watu sitini ni tende 180, karibu kilo mbili kwa siku, na kwa mwezi mzima hesabu hiyo inatisha bodi yoyote ya shule. Tende moja inatosha, na zikikosekana maji yanatosha. Ndizi mbivu za Rungwe hazina upungufu na bei yake haimfukuzi mtu. Msijione mmeshindwa kwa kukosa futari ya Pwani. Tui la nazi huku ni la bei, lakini magimbi, viazi vitamu au ndizi zikipikwa kwa karanga za kusaga zinapanda vizuri. Kilo ishirini na kidogo za magimbi kabla ya kumenya na kilo mbili za karanga zinawatosha hao sitini. Magimbi yaive kabisa. Yakiwa nusu mbichi yanawasha koo, na koo lililokauka kutwa linawashwa mara mbili.

Msiwape ugali na maharage papo hapo. Wafungue kwa tende na uji, wasali Magharibi, kisha warudi mezani. Tumbo lililopumzika saa 13 likijazwa kwa mkupuo linajibu kwa kiungulia, na mtoto atalala kwenye prepo, yaani masomo ya usiku, akiwa ameshikilia mbavu.

Futari inapendwa na kila mtu anaijua. Daku ndiyo inayoamua kesho itakuwaje darasani. Daku siyo sharti la funga, ni Sunna yenye baraka, na hapo ndipo mtego ulipo: mwanafunzi aliyepitiwa na usingizi akakosa daku hataacha kufunga. Atafunga vilevile, akiwa na uji na wali wa jana usiku tu. Saa nane mchana ukimwona mtu ameegemeza kichwa kwenye dawati, usimuulize kama anafunga. Uliza kama alikula daku.

Basi lazima awepo mtu wa kugonga milango, jina lake lijulikane na zamu yake iandikwe. Agonge kitanda kwa kitanda cha walio kwenye orodha, asipige kengele ya shule nzima. Wasiofunga wakiamshwa saa kumi usiku kwa siku thelathini watawachukia wenzao, na watakuwa na haki.

Jiko la saa tisa usiku mwezi wa Machi linafaa kutazamwa kwa karibu. Mvua imenyesha tangu jioni. Kuni zilizoegemezwa ukutani nje zimelowa, mpishi anapuliza, moshi umejaa, macho yanamtoka machozi, na sufuria la lita mia halijaanza hata kuimba. Saa kumi na nusu maji ndiyo kwanza yanachemka. Mchele uliokusudiwa unaachwa, unapikwa uji wa haraka, na siku hiyo imeharibika kabla haijaanza. Dawa yake hufanyika jioni: baada ya mlo wa usiku, moto ukiwa umefifia, kuni za daku zinapangwa kuzunguka jiko na juu ya ukuta wake zikauke kwa joto lililobaki. Penye jiko banifu kazi ni rahisi zaidi, kwa sababu linashika joto hadi usiku wa manane. Na vijiti vikavu vya kuwashia viwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko, ndani, mahali ambapo hakuna atakayevichukua kuchemshia maji ya kuoga.

Daku nzuri ya bei ya kawaida ni wali na maharage. Kilo tisa za mchele wa Kyela au Mbarali kwa watu sitini, kilo tano za maharage yaliyolowekwa tangu mchana. Maharage yachemshwe jioni hadi yaive, yaachwe bila kitunguu wala nyanya, kisha usiku yachemke tena na kuungwa. Wali upikwe usiku uleule. Kiporo cha wali kilichokaa kwenye sufuria tangu saa mbili usiku, hata kwa baridi ya Mbeya, ni mchezo wa kubahatisha. Vijidudu vya wali vinastahimili kuchemshwa na sumu yake haiondoki kwa kupashwa moto. Mtu mwenye kuharisha na anayefunga ni tatizo la zahanati. Makande nayo yanashiba muda mrefu, tatizo lake ni gesi, na bweni lililofungwa madirisha kwa baridi litawaambieni. Chumvi ipunguzwe. Parachichi likiwepo liwekwe, nusu kwa mtu, kwani mafuta yake yanachelewesha njaa. 

Maji ni hadithi nyingine. Dodoma mtu anakunywa kwa sababu ana kiu. Mbeya na Njombe hana kiu, kwa hiyo hanywi, na saa nane mchana kichwa kinampasuka akidhani ni njaa. Kila mmoja anahitaji lita moja na nusu hadi mbili kati ya futari na daku, kidogokidogo. Kwa watu sitini hiyo ni ndoo tano za lita 20, au sita, za maji yaliyochemshwa. Ziwe bwenini usiku. Ndoo zikibaki bwaloni na bwalo likafungwa, hakuna atakayevuka uwanja kwenye mvua kutafuta glasi ya maji. Maumivu ya kichwa ya siku tatu za mwanzo yana mzizi mwingine pia, hasa kwa watoto waliotoka kwenye mashamba ya chai, Rungwe na Mufindi, waliozoea vikombe viwili vya chai ya rangi kabla ya kutoka nyumbani. Mwili unadai chai yake. Wenye tabia hiyo waanze kupunguza wiki moja kabla, na daku wasinywe ile nzito, maana itawapeleka chooni na kuwaondolea maji waliyoyaweka.

Ratiba. Prepo nyingi zinaanza saa moja usiku, na saa moja na dakika 11 ndiyo Magharibi. Isha inaingia karibu saa mbili na dakika 25, baada yake tarawehe, ambayo kuna wanaosali rakaa nane na wanaosali ishirini, na shule haina haja ya kuwaamulia. Ukijumlisha yote ukabakiza prepo kama ilivyo, mtoto analala saa tano na kuamshwa saa kumi. Siku kumi za namna hiyo na hata anayekula vizuri hasomeki. Usingizi unawamaliza wanafunzi kuliko njaa, na ndilo jambo ambalo walimu wanalikubali kwa shida, kwa sababu njaa inaonekana kwa macho na usingizi unaitwa uvivu.

Mpango uliotufaa ni huu. Wanaofunga wanaruhusiwa kukosa sehemu ya kwanza ya prepo, wanaingia saa mbili kasoro kumi hadi saa mbili na dakika 20, wanasali, na saa nne kasoro robo taa zimezimwa. Sehemu ya prepo waliyoikosa inarudi alfajiri: daku imekwisha, wamesali, saa kumi na mbili kasoro kumi wako darasani na vichwa vyepesi, wanasoma dakika hamsini kabla ya wengine kumaliza usafi. Mchana, wakati wenzao wako bwaloni, wasali Adhuhuri na walale nusu saa bwenini. Bweni liachwe wazi muda huo. Shule zinazofunga mabweni mchana kuzuia wizi zinaweza kumweka patroni mmoja mlangoni. Gharama yake ni kiti.

Halafu mchakamchaka. Mtu ameshiba wali saa kumi na moja, saa kumi na mbili unamwambia akimbie kilomita tatu kupanda mlima akiimba. Atatapika. Funga yake haitaharibika, lakini chakula cha siku nzima kimebaki barabarani. Watembee, au wapewe kufagia. Kazi za shamba, na Februari ni palizi, zipangwe kabla ya saa nne asubuhi au wapewe za kivulini kama kupukuchua na kuhesabu vitabu. Adhabu za kuchuchumaa na kupiga magoti juani hazikuwa na faida hata kabla ya Ramadhani.

Maabara ina mtego wake. Katika kupima tindikali na besi, shule nyingi bado zinavuta kimiminika kwenye pipeti kwa mdomo. Anayefunga anaogopa kumeza, mkono unatetemeka, vipimo vinatoka ovyo, na mwalimu anamwandikia hajui. Bomba la sindano au mpira wa kuvutia unamaliza shida, na kwa kweli hakuna mwanafunzi yeyote anayepaswa kuvuta tindikali kwa mdomo. Kwenye somo la mapishi, kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema kunaruhusiwa penye haja.

Zoezi la kugawa dawa za kichocho likipangwa mwezi huu, ombeni lisogezwe au dawa itolewe baada ya futari. Prazikwanteli kwenye tumbo tupu inaleta kichefuchefu na kizunguzungu, na mtoto akianguka mstarini uvumi utasema dawa ina sumu. Chanjo ya sindano, kwa wanazuoni walio wengi, haifunguzi, kwa kuwa si chakula. Lakini anayechanjwa akae chini robo saa.

Kuhusu wagonjwa, Suratul Baqara aya ya 185 inamruhusu mgonjwa na msafiri kuacha na kulipa siku nyingine, kwa hiyo mnapomwambia mtoto mwenye kisukari cha sindano au selimundu asifunge, hampingani na dini yake. Anayepinga mara nyingi ni mtoto mwenyewe, anayeona aibu kubaki nyuma. Mzungumzisheni na mzazi kwa simu, na shehe wa msikiti wa karibu, ambaye neno lake lina uzito kuliko la daktari katika jambo hili. Selimundu haipatani na ukavu: kukosa maji kunafanya damu iwe nzito, maumivu yanaanza, na baridi ya huku inaongezea. Mwenye kifafa anaumizwa na vitu viwili, kuruka dozi na kukosa usingizi, na Ramadhani inaleta vyote. Dawa za mara moja kwa siku, zikiwemo nyingi za kufubaza virusi vya UKIMWI, zinaweza kuhamia usiku kwa ushauri wa kliniki, na kliniki inatakiwa kuulizwa wiki mbili kabla, siyo siku ya kwanza ya mfungo. Matroni aweke dawa hizo mahali ambapo mwenyewe atazipata baada ya futari bila macho ya watu.

Mwanafunzi akitetemeka, akatoka jasho la baridi na kusema mambo yasiyoeleweka, mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, papo hapo, bila kusubiri dakika hata kumi za adhana. Penye kipimo, sukari ikiwa chini ya 70 mg/dL (3.9 kwa kipimo cha mmol/L) afungue. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, alazwe ubavu na apelekwe hospitali.

Wasichana wanastahili aya zao. Mwenye hedhi hafungi, na hata akitaka haruhusiwi. Siku hizo atazilipa baadaye. Sasa tazama orodha ilivyomtega: jina lake liko kwa wanaofunga, kwa hiyo mchana hana sahani. Akienda bwaloni mgawaji anamuuliza kwa sauti mbele ya kidato cha pili, "Wewe si unafunga?" Anageuka, anarudi darasani. Anashinda na njaa siku sita bila funga wala chakula, na dawa za maumivu anazimeza kwenye tumbo tupu.

Tulichokiona kinafaa ni sahani tano au sita za ziada, zinazofunikwa na kupelekwa chumbani kwa matroni kila mchana bila jina la mtu. Msichana anabisha.

"Shikamoo, matroni."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, ukae."

Basi. Hakuna swali, hakuna daftari. Wavulana walio wagonjwa wawe na utaratibu uleule kwa patroni, ili mlango wa matroni usije ukawa tangazo. Na mwalimu akimkuta msichana anakula, apite.

Hapo pia ndipo inapoanza shida ya "kobe". Mtaani anayekula kwa kujificha mchana wa Ramadhani anaitwa kobe, na utani huo ukiingia bwenini unageuka upelelezi: viongozi wa wanafunzi wa Kiislamu wanaandika majina, wanabandika ubaoni. Karatasi hiyo itolewe siku hiyohiyo. Hawajui nani ana siku zake, nani ana vidonda vya tumbo, nani amerudi safarini. Shinikizo la upande wa pili ni baya vilevile, la mwalimu anayesema darasani kwamba atakayefeli jaribio asisingizie mfungo. Huku Waislamu ni wachache, shule nyingi ni za makanisa, na sentensi kama hiyo ikitoka mbele ya wanafunzi arobaini inabaki na wale wanne wa Kiislamu kwa miaka.

Kwa shule za msingi maneno ni machache. Aliye chini ya baleghe hajawajibika. Wengi wanajaribu nusu siku, wanakula saa sita, na nyumbani wanasifiwa. Mtoto wa darasa la tatu anayetembea kilomita tano kuja shule na kung'ang'ania siku nzima, mpigieni mama yake. Mama ndiye atakayemwambia "leo umefunga vya kutosha".

Mwezi wenyewe unaandama usiku, na hili linawapiga chenga watu wa stoo kila mwaka. Jioni ya tarehe 29 Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, hakuna ajuaye kama kesho ni mfungo. Tangazo la Mufti kupitia BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, linaweza kutoka saa tatu usiku, wapishi wameshaondoka. Unga, sukari na kuni za daku ziwe tayari jioni hiyo, na mpishi alale karibu. Ikiwa mwezi haukuonekana, uji huo utanywewa asubuhi na shule nzima. Tena wapo wanaofuata mwezi ulioonekana nchi nyingine wakatangulia siku moja. Shule moja inaweza kuwa na makundi mawili, na makundi hayo mawili yakasherehekea Idd siku tofauti. Msiwapatanishe. Pikeni.

Kwa kuwa mwezi huu unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, 2027 utaanza karibu tarehe 8 Februari, 2028 karibu tarehe 28 Januari, na 2029 karibu katikati ya Januari, shule zikiwa ndiyo kwanza zimefunguliwa. Kidato cha kwanza watafika na masanduku yao, matroni hajui jina la mtu, na wiki hiyohiyo wanaanza daku. Fomu ya kujiunga iwe na mstari wa kuuliza kama mwanafunzi anafunga na kama ana ugonjwa, ijazwe na mzazi Desemba. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Kuanzia 2033 hadi 2035 itaanza Novemba, na hapo mitihani ya kidato cha pili na cha nne inaweza kuwa ndani yake.

Siku ya Idd, jiko la daku lisibomolewe. Kuanzia tarehe 2 Shawwal, siku inayofuata Idd, wapo wanaofunga siku sita za Sunna, na wasichana wengi wanaanza kulipa siku zao wakati huo, Jumatatu na Alhamisi, watatu leo, watano kesho. Sufuria dogo la lita kumi linatosha, na mpishi aambiwe idadi jioni.